Mguu wa Kulia wa Dereva Tobia

Abiria wa Ulyankulu walikuwa na swali moja kabla ya kutoa nauli: leo anaendesha nani? Nikijibu kwamba ni Tobia, tiketi zilikwisha mapema. Nikitaja jina lingine, wapo waliosogea pembeni wakasema watasubiri gari la mchana.

Mimi ni Siwema, mkata tiketi kwenye ofisi ya mabasi ya Fakhrudin, karibu na stendi ya Tabora. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza Tobia mwenyewe baadaye, tulipokuwa tunakaa meza moja.

Tobia alikuwa na miaka hamsini na saba. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa mtoto mdogo, wakapewa shamba Ulyankulu, wakalima mahindi na tumbaku. Alijifunza usukani kwenye trekta, akapanda kwenye malori ya tumbaku, kisha Fakhrudin akamkabidhi basi dogo aina ya Kosta. Alikuwa mtu wa Kanisa, mwenye shati lililopigwa pasi na maneno machache. Abiria wakilalamika kwamba safari ni ndefu, aliwaambia bila kugeuka, "Waliotutangulia walikuja njia hizi za magharibi kwa miguu, mzigo kichwani, mpaka Ujiji. Wewe umekalia godoro." Watu wakacheka, safari ikaendelea.

Ajali alipata moja tu. Ni miaka sita sasa. Masika yalikuwa yamekolea, na Kosta ilipinduka kwenye kona, kabla ya daraja dogo. Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mkono, wengine wakachubuka. Tobia alisema breki zilikataa. Askari walipokagua, kweli, walikuta mpira wa breki umekatika, na mpira huo ulikuwa umefungwa jana yake na fundi wetu Samweli. Fakhrudin ni mtu mpole, lakini safari ile hakuwa na upole. Samweli alipewa barua ya kufukuzwa akaondoka na spana zake kwenye mfuko wa salfeti. Tobia alisifiwa. Watu walisema angekuwa dereva mwingine wangezikwa wote. Nami niliyarudia maneno hayo pale dirishani, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa, mwaka huu, Kabir alirudi kutoka Dar es Salaam na gemu. Kabir ni mtoto wa Fakhrudin, kijana wa miaka thelathini, na ndiye mwenye duka la spea lililopakana na ofisi yetu. Tulizoea gemu za vibandani, zile ambazo gari linaruka ukuta na kuendelea na safari. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa na usukani mzima uliofungwa kwenye fremu ya chuma, makanyagio matatu chini kama ya gari, na mkono wa gia. Kabir alichomelea kiti cha gari bovu mbele yake, akaweka televisheni kubwa ukutani. Alituambia kwamba gemu hii inahesabu uzito wa gari, ulaini wa tairi na maji barabarani. Ukikosea, umekosea.

Jumamosi moja mchana, stendi ilipotulia, madereva wanne walijazana dukani kuiangalia. Nami nilifunga dirisha nikaenda. Vijana walijaribu mmoja mmoja, wakatoka kwenye lami, wakataniana. Tobia alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mzee Tobia, karibu kwenye usukani," Kabir alimwita.

"Huo wa kitoto siuwezi."

"Si wa kitoto, mzee. Kaa, halafu uniambie kama inafanana na gari. Wewe ukisema inafanana, mimi nitaamini."

Alikaa. Kwanza alisogeza kiti. Kisha mkono wake ukapanda juu kutafuta kioo cha kurekebisha, ukakuta hewa, tukacheka naye akatabasamu. Kabir alimchagulia gari la kawaida na barabara ya milimani, nchi ya baridi, mvua inanyesha.

Alianza polepole kama mtu anayepita kwenye maji asiyoyajua. Hakuitazama gia hata mara moja; aliisikiliza injini na kubadilisha. Tairi ilipopanda ukingo wa barabara, usukani ulitetemeka mikononi mwake, akashtuka kidogo.

"Huu usukani una uzito," alisema. "Na unarudi wenyewe. Aliyetengeneza kitu hiki ameendesha gari, hakusimuliwa."

"Kwa hiyo inafanana?"

"Inafanana. Kinachokosekana ni tumbo. Ukikata kona kwenye gari, tumbo linakwambia. Hapa macho yako kwenye kona, tumbo limekaa Tabora."

Tulicheka tena, kicheko cha heshima. Hata wale vijana walisogea karibu wakamtazama anavyoingia kwenye kona, taratibu, bila kuhangaika. Nilijisikia fahari, kana kwamba ni baba yangu aliyekaa pale.

Kabir akamwongezea magari mengine barabarani. Tobia naye akaongeza mwendo. Kwenye kona ya kushoto gari la mbele liliteleza, likazunguka, likasimama likiwa limeziba njia. Mikono ya Tobia ilikaza usukani. Injini ikanguruma kwa nguvu, na gari lake, badala ya kupungua mwendo, likaruka mbele likapiga ukuta.

"Breki zimekataa," Tobia alisema.

Kabir alibonyeza kitu, na ajali ile ile ikaanza tena kwenye kioo cha televisheni, safari hii polepole, tukiitazama kutoka nje ya gari. Pembeni chini kulikuwa na mistari mitatu inayopanda na kushuka. Kabir alitueleza kwamba wa bluu ni klachi, mwekundu ni breki, wa kijani ni mafuta. Gari la mbele lilipozunguka, mstari wa kijani ulipanda mpaka juu kabisa, ukabaki huko. Mwekundu haukusogea.

"Mzee," Kabir alisema, "breki hukuigusa. Ulikanyaga mafuta."

Duka zima lilicheka. Nami nilicheka.

"Mashine yako breki zake mbovu," Tobia alisema.

Kabir aliinama, akakandamiza kanyagio la breki kwa mkono, na ule mstari mwekundu ukapanda. Akaliachia, ukashuka. Akarudia. Tobia aliutazama. Akaomba ajaribu tena, na safari hii, kwa kuwa alikuwa amejiandaa, alisimamisha gari vizuri mara mbili. Mara ya tatu gari lingine lilichomoka ghafla kutoka pembeni. Injini ikanguruma vile vile, kijani kikapanda vile vile.

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mmoja wa wale vijana akasema, "Kumbe ndiyo breki zinavyokataa." Alitania tu, sidhani kama alikuwa na maana nyingine. Tobia alishuka kwenye kiti. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Alipita katikati yetu bila kuaga, akaelekea barabarani. Kicheko kilizimika, tukabaki kulaumiana kwamba tumemkosea mtu mzima.

Hatukujua kilichompata pale kwenye kiti. Alinieleza baada ya wiki nyingi. Alisema ule mngurumo aliujua. Siku ya ajali, kwenye ile kona, mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa alitokea mbele yake. Alikanyaga, na Kosta ikanguruma, ikaruka mbele, ikapinduka. Breki zikikataa, injini hainyanyui sauti. Dereva aliyeshika usukani miaka ishirini hahitaji kufundishwa jambo hilo. Abiria mmoja alimuuliza kupitia dirisha lililovunjika, "Imekuwaje?" na mdomo wake ukajibu, "Breki zimekataa," kabla hajafikiri. Askari akaandika maneno hayo hayo. Kisha ukakutwa ule mpira umekatika.

"Nilipoonyeshwa ule mpira nilifurahi," aliniambia. Alikuwa anaangalia meza. "Siwema, mwanangu, watu wamelala kwenye majani wanalia, na mimi nilifurahi."

Miaka ilivyokwenda, alisimulia ajali ile kwa namna ile ile hadi naye akaanza kuiona hivyo. Njia ya Chemchem, alikohamia Samweli, aliacha kuipita. Hakujiuliza kwa nini.

Jumamosi ile alitembea mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo. Mkewe, Prisila, alikuwa uani anachambua maharage. Tobia alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, kuanzia kwenye gemu, akirudi nyuma mpaka kwenye kona. Prisila aliendelea kuchambua kwa muda, kisha mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Baba Justini," alisema. "Mimi nimemnyima Jeska mkono wa amani kanisani miaka sita."

Jeska ni mke wa Samweli. Walikuwa wakisali Kanisa moja, na kabla ya ajali walikuwa wakiazimana vitenge.

"Najua," Tobia alisema.

"Hujui. Alikuwa ananyoosha mkono, mimi nageukia upande wa pili. Watu wanaona. Nilikuwa najiambia, mume wa huyu nusura aniachie ujane. Wewe ulikuwa umekaa upande wa wanaume unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na ulinyamaza."

 Prisila alinyanyuka na ungo wake akaingia ndani. Chakula alimwekea mezani, lakini hakukaa naye.

Jumapili baada ya misa Tobia alikwenda Chemchem. Alimkuta Samweli barazani, baiskeli imepinduliwa mbele yake, anaziba pancha. Samweli ni Mnyamwezi wa hapa hapa mjini, mtu mwembamba, mdogo kwa Tobia kwa miaka kama minane. Kila mteja humsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka," alisema, kisha akainua uso akaona ni nani.

"Mwangaluka, Baba Dafrosa."

"Umeleta baiskeli?"

"Sikuleta."

Samweli alimsogezea ndoo iliyofunikwa ili akalie. Tobia hakuikalia. Aliogopa kwamba akikaa ataanza kuulizia watoto, mvua na mazao, na maneno aliyokuja nayo yatapotea.

"Siku ile ya kona," alisema, "breki hazikukataa. Nilikanyaga mafuta. Nilikosea mguu, nikasema ni breki."

Samweli aliweka chini kipande cha mpira alichokuwa amekishika.

"Sema tena."

Tobia akasema tena.

"Na ule mpira uliokatika?"

"Ulikatika gari lilipopinduka. Breki zilikuwepo. Dakika chache nyuma ng'ombe walikuwa wanavuka, nikasimama vizuri kabisa. Nilikuwa najua."

Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na hata kupigwa. Samweli hakufanya hivyo. Aliangalia viganja vyake.

"Ile nati ya mpira wa breki," alisema. "Nilikuwa naikaza, nikaitwa nje, nikatoka, nikarudi. Miaka sita najiuliza kama niliimalizia. Siku nyingine nasema niliimalizia. Siku nyingine najiambia hapana, ulikuwa unafikiria chakula wewe."

"Uliimalizia."

"Unadhani niliacha magari kwa sababu tajiri alinifukuza? Gereji mbili ziliniita. Nilikataa mwenyewe. Nilikuwa nikishika breki za gari mkono unatetemeka. Nikasema bora baiskeli. Baiskeli ukiikosea, mtu anachubuka goti."

Hapo Tobia alikaa, lakini chini kwenye vumbi. Kwa miaka yote alidhani amemkosesha mwenzake kazi, na hata hilo alilifunika. Kwamba Samweli aliamini uongo ule kuliko hata yeye aliyeutunga, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Samweli aliita ndani. "Mama Dafrosa, njoo usikie kitu." Jeska akatoka na mikono yenye unga. "Mwambie na yeye," Samweli alisema.

Tobia alisema kwa mara ya tatu.  Jeska alisikiliza amesimama.

"Yule mama aliyevunjika mkono," alisema Tobia alipomaliza, "huyu alikuwa anamwendea hospitali kila siku. Anambebea uji. Anamwomba radhi, kwa kosa lako. Yule mama hakuwa anamjibu. Na huyu anarudi kesho yake na uji mwingine."

"Naomba mnisamehe," Tobia alisema.

Samweli aliokota kile kipande cha mpira. "Hilo siwezi kukujibu leo," alisema. "Nenda kamwambie tajiri. Useme mbele ya madereva, usiende kumnong'oneza ofisini." Kisha akaichukua ile baiskeli akaendelea na pancha, kwa sababu mwenye baiskeli alikuwa ameshafika kuichukua.

Jumatatu asubuhi niliyaona mwenyewe. Magari yalikuwa hayajatoka. Fakhrudin alikuwa ameketi nyuma ya kaunta na miwani yake, Kabir amesimama mlangoni pa duka lake, madereva wanapokea karatasi za safari. Tobia aliingia akavua kofia. Alisema yale yale, kwa maneno machache zaidi. Yule kijana aliyetania siku ya gemu alitazama viatu vyake. Kabir alikuwa amepauka.

Fakhrudin alivua miwani. "Kwa nini unasema leo?"

"Niliona ule mstari wa kijani, tajiri. Nilikuwa nimeusahau ukweli. Nilipouona sikuweza tena kuusahau."

"Mimi niliandika barua ya kumfukuza yule mtu kwa mkono wangu," Fakhrudin alisema. "Hakubisha hata neno. Nikasema, asiyebisha amekiri." Akanyoosha mkono juu ya kaunta.  "Nipe funguo."

Tobia aliziweka kwenye kaunta. Mkono ulibaki juu yake kidogo kabla ya kuziachia.

"Hutaendesha tena gari la watu," Fakhrudin alisema. "Si kwa adhabu. Huo mguu wako sijui utafanya nini siku nyingine. Kaa na Siwema kwenye vifurushi." Siku ile abiria wa Ulyankulu waliondoka na dereva mwingine, na nilipoulizwa Tobia yuko wapi, niliendelea kukata tiketi, maana alikuwa amekaa nyuma yangu.

Mchana Fakhrudin na Kabir walikwenda Chemchem. Walikaribishwa chai wakanywa. Fakhrudin alimwomba Samweli arudi gereji, Samweli akakataa kwa adabu. Aliomba kitu kimoja: barua nyingine ya kumsafisha, yenye mhuri, isomwe na watu wote. Iliandikwa siku hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyeibandika kwenye kioo cha dirisha la tiketi. Niliibandika pale pale nilipokuwa nikikaa na kuwaambia watu kwamba Samweli nusura aue. Hakuna aliyenikumbusha hilo, lakini gundi ilinichukua muda mrefu kuipaka.

Barua ilikaa mwezi mzima. Watu wa Ulyankulu waliisoma wakisubiri gari. Wengine waliinama wakamtazama Tobia kati ya maboksi na magunia, wakamuuliza, "Mzee, ni kweli haya?" Naye alijibu kila mmoja, "Ni kweli." Nilimwambia siku moja kwamba anaweza kukaa chumba cha ndani mpaka barua itolewe. Alisema hapana.

Yule mama wa mkono naye alikuja, kuchukua gunia la karanga alilotumiwa. Aliisoma barua taratibu, akitumia kidole. Nilidhani atapiga kelele. Alimtazama Tobia, akasema, "Nilimsonya yule fundi. Analeta uji, mimi namsonya." Kisha akasema mkono wake hauinui gunia, nani atamsaidia. Tobia alilibeba mpaka kwenye bajaji. Mama hakumwambia ahsante, na Tobia aliporudi alikaa akaandika namba za vifurushi kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Prisila aliniambia kwamba Jumapili ya kwanza alimfuata Jeska nje ya kanisa akamsalimu, Jeska akaitika na kupita. Ya pili vile vile. Ya tatu, wakati wa kupeana amani, Jeska alimpa mkono, akautoa haraka. Prisila alilia mpaka mwisho wa misa. Nyumbani sasa anakula na mumewe, ingawa anasema zipo siku anamtazama akinywa chai na hasira inamrudia upya.

Gemu bado iko dukani. Fakhrudin ameagiza kila dereva mpya aikalie kabla ya kupewa gari, na Kabir anaangalia ile mistari mitatu. Tobia haingii mle.

Wiki iliyopita nilikwenda Chemchem kumwona dada yangu. Nilimkuta Samweli amelala chali chini ya bajaji ya jirani, miguu tu ndiyo inayoonekana, anaomba apewe spana namba kumi. Nilimsimulia Tobia kesho yake. Aliniuliza kama mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimwambia sikuiona mikono, niliona miguu. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye vifurushi vyake. Jibu la Samweli kuhusu msamaha bado halijaja, na Tobia hajakwenda kuliulizia.